Kielelezo Hakijibiwi

Saa nne na robo asubuhi simu iliita ndani ya chumba cha kamati, na mlio wake ulitoka chini ya meza ya mashahidi.

Wiki iliyopita tuliwaacha wajumbe wa Kamati ya Afya na Ustawi wa Jamii wamemkodolea macho karani, aliyekuwa akibofya namba aliyotajiwa. Aliyejitakia ni Waziri wa Afya wa jimbo. "Tajeni namba ya mgonjwa yeyote," alitamba. "Mpigieni sasa hivi. Atawaambia mwenyewe kama anatunzwa au hatunzwi." Ndipo mjumbe wanayemwita Rula alipotaja namba ya mama yake mkubwa, mama aliyemlea, ambaye tangu apatwe na kiharusi hatoki kitandani.

Kitanda hicho kilikuwa upande wa pili wa mji. Simu ilikuwa ikiita mbele ya pua ya Rula.

Ikanyamaza.

"Piga tena," Rula alimwambia karani.

Karani alipiga. Mlio ukarudi, na safari hii mkoba wa kahawia uliokuwa sakafuni ukatetemeka kidogo. Mwenye mkoba hakuinama kuuchukua. Alikuwa shahidi wa pili wa serikali, Mkurugenzi wa Ustawi wa Jamii, mwanamke aliyenyooka kama mshumaa, na macho yake yalikuwa kwenye glasi ya maji.

"Bi Mkurugenzi," alisema Mwenyekiti, "mkoba wako unaitwa."

Watu wa kwenye viti vya nyuma walicheka. Rula hakucheka. Mkurugenzi huyo ni mtoto wa kwanza wa mama mkubwa. Wawili hawa walilala chumba kimoja tangu wakiwa watoto hadi mmoja alipoolewa.

Mkurugenzi alitoa simu ndogo yenye vitufe vikubwa, imefungwa kwa mpira ili betri isidondoke. Rula aliijua. Aliinunua yeye.

"Dada," alisema, "hiyo si simu ya mama mkubwa?"

"Humu ndani hakuna dada," Waziri alidakia. "Kuna shahidi."

"Mheshimiwa Waziri yuko sawa. Naanza upya. Bi Mkurugenzi, umekula kiapo. Hiyo ni simu ya nani?"

"Ya mama."

"Mtambo wenu ukipiga, nani anapokea?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu aliposhindwa kusema."

Kalamu ya Rula ilisimama katikati ya neno. Kila Jumapili alipiga simu ile, na kila Jumapili alipokea dada yake. Mama amelala. Mama anaogeshwa. Mama ana mafua, koo limekauka, atakupigia.

"Alishindwa kusema lini?"

"Kilimpiga kiharusi cha pili. Wewe ulikuwa umekuja kumwona, ukarudi. Haukupita muda."

"Ukaniambia ni mafua."

"Nikakuambia ni mafua."

Kwenye ncha ya meza alinyanyuka mjumbe mnene mwenye miwani ya fremu ya dhahabu. Barazani wanamwita Bwana Asante, kwa sababu hajawahi kuuliza swali bila kutanguliza shukrani. "Mwenyekiti," alisema, "kwanza kabisa nimshukuru Mheshimiwa Waziri kwa..."

"Kwa lipi sasa?" Mwenyekiti alimuuliza.

Bwana Asante alifikiri, akaketi.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, jambo lenyewe ni hili. Serikali kuu iliposhusha mambo ya afya na ustawi kwa majimbo, jimbo hili lilikuwa na wahudumu waliokuwa wakienda kwa miguu nyumbani kwa wagonjwa wasiotoka kitandani. Walikuwa wakiwageuza, wakiwaogesha, wakiangalia vidonda vya mgongoni. Waziri akaja na Sera ya Simu. Mtambo unampigia mgonjwa kila asubuhi, na mhudumu anakwenda pale tu anapoitwa. Kwa majaribio wahudumu wa nusu ya mji walikwisha kuachishwa kazi. Siku hiyo kamati ilikuwa ipige kura kama nao wa jimbo zima waende nyumbani. Na kanuni ya baraza haina huruma: ikifika saa saba mchana kura haijapigwa, sera inahesabiwa imekubaliwa.

Wapiga kura walikuwa wanne. Bwana Asante na mama mmoja mwenye duka la samani walikuwa upande wa serikali. Rula na daktari wa mifugo walikuwa upande wa pili. Kura zikigongana, Mwenyekiti anaamua, na hadi asubuhi hiyo Mwenyekiti hakuwa amemwambia mtu lolote.

"Bi Mkurugenzi," Rula aliendelea, na sauti yake ilikuwa ileile aliyokuwa akifundishia hesabu, "mtambo ukipiga na mtu akajibu kwamba mgonjwa hajambo, mhudumu anakuja?"

"Haji. Hahitajiki."

"Na mtu asipopokea?"

"Mtambo unarudia."

"Mpaka lini?"

"Mara tatu. Ya tatu isipopokelewa, mtambo unaandika kwamba amehama."

"Akishahama, mhudumu anakuja?"

"Haji."

"Basi nieleze mimi, maana nimesomesha watu hesabu na hii inanishinda. Mgonjwa asiyeweza kusema afanye nini ili mhudumu aje?"

Mkurugenzi alinywa maji. "Jamaa yake anapokea kwa niaba yake. Anabonyeza mbili."

"Wewe ulibonyeza mbili?"

"Mara nyingi."

"Alikuja mtu?"

"Mtambo unapiga tena kuhakikisha kwamba ni mgonjwa mwenyewe. Unataka asikike. Mama hasikiki. Ndipo nikaanza kubonyeza moja. Nisingebonyeza, angefutwa."

Daktari wa mifugo alipiga mluzi mdogo. "Kwa hiyo kwenye takwimu za Mheshimiwa Waziri," alisema, "wagonjwa mabubu ndio wazima kuliko wote."

"Hilo ni tukio moja!" Waziri alifoka. "Ni la kifamilia! Nasikitika kwamba mjumbe ameleta mambo ya ukoo wake mbele ya kamati."

"Tupige hiyo huduma," Mwenyekiti alisema. "Hapa hapa. Kwa simu hiyo."

Mkurugenzi alibonyeza, akaweka sauti ya juu. Sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka, ilijaza chumba. "Habari za asubuhi, mpendwa. Kama hujambo, bonyeza moja. Kama unahitaji mhudumu, bonyeza mbili."

Wajumbe waligeuka kumwangalia Mkurugenzi. Sauti ilikuwa yake.

"Ni wewe?" mama wa samani aliuliza.

"Tulikosa mtu wa kurekodi," Mkurugenzi alijibu.

"Bonyeza mbili," Mwenyekiti aliamuru.

Alibonyeza. "Asante, mpendwa," ilisema sauti yake mwenyewe. "Tutakupigia kuhakikisha. Tafadhali usiwe mbali na simu."

Kisha Mwenyekiti akafanya kosa ambalo mtu wa kawaida asingelifanya, ila mtu aliyekalia kiti cha kamati miaka mingi. Kanuni inasema kitu chochote kilichojaribiwa mbele ya wajumbe ni kielelezo. Alinyoosha kidole, karani akaichukua simu, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akabana pini, akagonga muhuri kwenye mdomo wa bahasha na kusaini juu yake. Hakuna aliyepinga. Rula naye hakupinga. Kichwa chake kilikuwa kimekwama kwenye jambo jingine.

"Swali la mwisho," alisema. "Simu iko hapa. Wewe uko hapa. Mama mkubwa yuko na nani?"

Mkurugenzi alikaza kiganja chake kimoja.

"Dada. Yuko na nani?"

"Huwa jirani anamchungulia dirishani."

"Na leo?"

"Jirani amempeleka mwanawe kliniki."

"Mlango?"

"Nimefunga na kufuli. Kuna siku vibaka waliingia." Alifungua kiganja chake. Ufunguo ulikuwa humo, na ngozi ilikuwa imebaki na alama za meno ya ufunguo. Bila shaka alikuwa ameushika tangu kikao kilipoanza.

Rula alisimama, akachukua mkoba wake, akaelekea mlangoni.

"Mheshimiwa!" Waziri aliita, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alitabasamu. "Kwa faida ya kumbukumbu, mjumbe akitoka kabla ya kura, amepoteza kura yake. Ndivyo kanuni inavyosema, Mwenyekiti, ama nimekosea?"

"Hujakosea."

Kura mbili kwa moja. Wahudumu wa jimbo zima nyumbani. Rula alibaki na mkono kwenye kitasa.

Hesabu ilikuwa rahisi kupita kiasi. Akienda, mama mkubwa mmoja anapata mtu wa kumfungulia mlango, na mama wakubwa wengine wote wa jimbo wanabaki na mtambo. Akibaki, ni kinyume chake. Alimtazama dada yake, ambaye kama shahidi hakuruhusiwa kuinuka. Akakitazama kitabu cha kanuni kwenye meza ya karani. Akaachia kitasa.

"Mwenyekiti, kamati hii inaweza kukaa mahali popote ndani ya mipaka ya jimbo. Nimekosea?"

Mwenyekiti alivua miwani. "Hujakosea."

"Naomba kamati ihamie nyumbani kwa mgonjwa. Iende ikikaa, na ikifika ikae. Hakuna atakayekuwa ametoka."

"Hii ni dhihaka!" Waziri alisema. "Huwezi kuihamishia serikali chumbani kwa mtu!"

"Waraka wako, ukurasa wa kwanza, Mheshimiwa Waziri. Unasema imeshafika huko."

Daktari wa mifugo aliunga mkono kabla hajamaliza. Mama wa samani alisema hataki, ana wateja mchana. Bwana Asante alimwangalia Waziri, Waziri akatikisa kichwa, Bwana Asante akakataa. Mbili kwa mbili.

Mwenyekiti alikusanya makaratasi yake. "Leteni gari," alisema.

* * *

Magari yalikuwa mawili. La Waziri lilitangulia, na Mwenyekiti alipanda humo kwa sababu lina kiyoyozi na yeye ana pumu. Wengine walijibana kwenye basi dogo la baraza, karani kiti cha mbele, bahasha mapajani kama mtoto.

Rula aliketi na dada yake nyuma kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?" Rula aliuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba sera ninayoitetea kila mahali imemshinda mama yangu mwenyewe? Wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza swali barazani."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Basi liliingia kwenye foleni na kusimama. Jua lilikuwa limeanza kuchoma bati. Mbele, gari la Waziri lilipenya kwa king'ora, likapotea.

Ndipo bahasha ilipoita.

Mkurugenzi aliruka kitini. "Ni mtambo! Unahakikisha! Karani, pokea!"

"Kielelezo hakijibiwi," alisema karani bila kugeuka.

"Baba, hiyo simu isipopokelewa mara tatu..."

"Bi Mkurugenzi, mimi nina watoto wanasoma. Bahasha hii inafunguliwa kwa amri ya Mwenyekiti."

"Mpigie Mwenyekiti basi!" daktari wa mifugo alisema.

Karani alipiga. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa ikitumika. Bahasha ilinyamaza.

"Moja," alisema Mkurugenzi.

"Nani aliweka hilo la kuhama?" Rula aliuliza.

"Mimi. Watu walikuwa wanahama bila kuaga, tunapigia nyumba tupu mwezi mzima. Nilikaa pale ofisini nikajiuliza, mama yangu anaweza kukaa siku nzima bila kupokea simu? Nikajijibu, hawezi, huyo simu hata ya kukosea namba anaipokea na kuuliza habari za nyumbani."

Bahasha iliita tena. Karani aliikumbatia. Bwana Asante, aliyekuwa amebanwa dirishani na mwili wake mwenyewe, alikohoa. "Mzee, kwa hili mimi naona..." Hakumaliza. Simu ya Mwenyekiti ilikuwa bado inatumika. Baadaye ilikuja kujulikana alikuwa akizungumza na nani, ila hilo si la leo.

"Mbili," alisema Mkurugenzi, na sasa sauti yake haikuwa ile ya mtambo.

Rula alijua kanuni kuliko karani. Kielelezo kikifunguliwa bila amri, ushahidi wote uliokitaja unafutwa: simu kwenye mkoba, mafua, bonyeza moja, kila kitu. Kamati ingepiga kura kana kwamba asubuhi ile haikuwapo. Aliweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Foleni ilisogea kidogo. Ikasimama.

Bahasha iliita mara ya tatu.

Aliikalia mikono yake kwa milio miwili. Wa tatu ulimkuta tayari amemruka daktari wa mifugo. Karani alipiga ukelele, bahasha ikachanika, muhuri ukapasuka katikati, simu ikaangukia kwenye matairi ya akiba chini ya kiti. Rula aliingiza mkono, akaishika, akaigeuza.

Kioo kilikuwa kimezimika. Simu ilikuwa imekatika.

Karani alichomoa kalamu yake. Aliandika, na alisoma kwa sauti alichoandika: "Kielelezo kimeharibiwa na mjumbe."

"Andika pia kwamba amehama," alisema Rula.

* * *

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, mwisho wa uchochoro ambao gari halipiti. Waziri na Mwenyekiti walikuwa tayari wamesimama mlangoni, wanajipepea kwa mafaili. Kufuli lilikuwa mahali pake. Dirisha lilikuwa na nondo, na pazia lilikuwa limefungwa.

"Mama!" Mkurugenzi aliita. Aliita kwa mazoea tu. Wa kuitika hakuwapo.

Ufunguo ulikataa, ukakubali. Ndani kulinukia dawa ya maji na mkojo. Rula alitangulia chumbani.

Kitanda kilikuwa kitupu.

Shuka lilikuwa limevutwa upande mmoja. Mto ulikuwa sakafuni. Kandambili moja ilikuwa karibu na mlango, nyingine haikuonekana.

"Naona mgonjwa ametembea," alisema Waziri. "Hizi ni habari njema, si ndiyo? Labda kweli amehama."

"Nyamaza," alisema mama wa samani. Kila mtu alishangaa, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. "Sikilizeni."

Ilikuwa pumzi. Fupi, ya kukwaruza, na ilitoka kwenye pengo kati ya kitanda na ukuta.

Daktari wa mifugo na Bwana Asante walikivuta kitanda. Mama mkubwa alikuwa hapo, kiubavu, shavu kwenye saruji, macho wazi. Mkono wake mzima ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwenye kibao cha ukutani, mahali simu ilipokuwa ikiwekwa zamani. Chaja bado ilikuwa imechomekwa.

Mkurugenzi alipiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni karibu na la mama yake. Alichokisema hakuna aliyekisikia.

"Msimvute mkono," daktari wa mifugo alionya. "Shuka kwanza. Tumwingizie shuka chini."

"Wewe si wa ng'ombe?" Mwenyekiti aliuliza.

"Mgongo ni mgongo."

Waziri alikuwa ameshatoa simu. Hapa tumpe haki yake: alipiga namba ya dharura ya idara yake bila kuambiwa na mtu. Alitaja nyumba, alitaja uchochoro. Aliweka sauti ya juu, nadhani ili wajumbe wasikie kazi inavyokwenda haraka.

"Mheshimiwa mteja," alijibu kijana wa upande wa pili, "hapo palikuwa na mgonjwa, lakini naona amehama leo leo. Gari haliendi kwa aliyehama."

"Nipo naye hapa!"

"Inawezekana ni mwingine, mzee. Huyo asajiliwe upya. Nakutumia kiungo."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Kama ni malalamiko, mzee, bonyeza tatu."

Waziri aliishusha simu polepole. Mama mkubwa alikuwa akimtazama kutoka sakafuni. Midomo yake ilicheza, haikutoa kitu. Kisha mkono wake mzima uliinuka kidogo kutoka kwenye saruji, na vidole viwili vikanyooka.

Bwana Asante alidhani anaomba maji. Mkurugenzi alijua. Kabla hajaichukua simu ile, mama alikuwa akiisikiliza kila asubuhi kwenye sauti ya juu, sauti ya mwanawe ikimpa kuchagua.

Rula alichutama, akaviweka vile vidole ndani ya kiganja chake. Aliposema, hakugeuka.

"Mwenyekiti, kikao bado kinaendelea?"

"Kinaendelea."

"Ushahidi wa asubuhi umefutika, mimi ndiye niliyeufuta. Nina swali jipya kwa Mheshimiwa Waziri, naye bado yuko chini ya kiapo. Mheshimiwa Waziri, unamwona mgonjwa huyu?"

Waziri alimwangalia Mwenyekiti. Mwenyekiti aliangalia ukuta.

"Namwona," alisema Waziri.

Karani, aliyesimama mlangoni kwa sababu chumba kilikuwa kimejaa, aliandika neno hilo moja.

* * *

Walimtoa kwa shuka, Bwana Asante upande wa kichwa akihema, daktari wa mifugo upande wa miguu akitoa amri. Uchochoro mzima ulikuwa umetoka nje kuangalia. Gari la Waziri lilikuwa pale barabarani, injini inanguruma, na dereva alipoona wanachobeba aliziba kiti cha nyuma kwa mwili wake.

"Kiti ni kipya, bosi."

"Fungua," alisema Waziri.

Walimlaza. Mkurugenzi alipanda upande wa pili, Mwenyekiti akamruhusu kwa kupunga mkono. Rula alitaka kurudi nyuma, lakini mama mkubwa alikuwa bado amemshika kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, na hakuwa na nia ya kuachia.

"Mheshimiwa," alisema Mwenyekiti. Alikuwa ameangalia saa yake. "Imekaribia saba. Kura lazima ipigwe sasa, hapa hapa. Gari likiondoka na wewe umo, umetoka."

"Lisubiri nipige kura," alisema Rula.

"Pumzi yake hiyo haisubiri," alisema daktari wa mifugo.

Rula alimtazama dada yake juu ya kifua cha mama yao. "Niachie," alimwambia mama mkubwa kwa upole, "niachie kidogo tu." Vidole vilibana zaidi.

Aliinama, akaingia ndani.

Mlango wa gari ulifungwa. King'ora kililia, watoto wakakimbilia kando, na gari likaondoka.

Barabarani walibaki wapiga kura watatu. Waziri alifuta uso kwa leso, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hesabu hii hata yeye aliiweza.

"Wanaokubali Sera ya Simu," alisema Mwenyekiti, "wanyooshe mkono."

Mama wa samani alinyoosha wake, si juu sana.

"Wanaokataa."

Daktari wa mifugo alinyoosha wake hadi kwapa likaonekana limelowa.

Mwenyekiti aligeuka. "Mheshimiwa, sijauona mkono wako."

Bwana Asante alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, miwani imemteremka puani. Wakati wa kubeba alikuwa ameokota kitu sakafuni ili asikikanyage, na mpaka sasa alikuwa bado amekishika kwa mkono wa kulia: kandambili moja ya mama mkubwa.

"Kwanza kabisa..." alianza, akaishia hapo.

"Nasubiri," alisema Mwenyekiti. "Unakubali, au unakataa?"

Waziri alimkazia macho.

Bwana Asante aliihamishia kandambili mkono wa kushoto, ili wa kulia uwe huru kupiga kura.